SHAMBA NA BUSTANI: Miraa, Muguka na Jina la Tatu

Mwezi wa Mei mwaka 2024 wakulima wa muguka katika nchi ya Embu, hasa wale wa Mbeere, walipatwa na wasiwasi mkubwa. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta, moja baada ya nyingine, zilitangaza kwamba muguka usiingizwe wala usiuzwe tena katika mipaka yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya ya vijana, na wazazi wengi wa pwani waliifurahia amri hiyo. Lakini huko Siakago na Kiritiri, ambako karo ya shule hutoka katika majani hayo, swali lililoulizwa ni hili: mbona amri imeutaja muguka, na miraa ya Meru imeachwa ipite? Serikali kuu ilijibu ya kwamba muguka unatambuliwa na Sheria ya Mazao pamoja na kanuni za miraa za mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri zile kwa muda.

Maneno yalikuwa mengi, sokoni na magazetini. Hata hivyo jina moja lilisikika mara chache sana, na hilo ndilo lingeweza kuwaonyesha wote kwamba wanagombania mti ule ule. Jina lenyewe ni Catha edulis. Mmeru wa Igembe au Tigania husema miraa, Mmbeere husema muguka, Mwarabu wa Yemen husema qat, na Mhabeshi husema chat. Mtaalamu wa elimu ya mimea huwaandikia wote wanne jina lile moja. Ni kama mtu aliyefunguliwa majalada mawili katika ofisi moja, hili kwa jina la babaye na hili kwa jina la utani: atalipwa mara mbili au hatalipwa kabisa, hata atokee karani mwenye busara wa kuyafunga majalada yote mawili kwa kamba moja.

Ni kweli kwamba hutumiwa kwa namna mbili. Miraa ya Nyambene hufungwa mabunda kwa majani ya mgomba, na mlaji huambua gome la vijiti vichanga. Muguka huuzwa majani matupu, nayo hutafunwa yote. Ni kweli pia kwamba mkulima wa Mbeere huukata mti wake ukawa mfupi, na yule wa Igembe huitunza miti mirefu iliyopandwa na babu zake. Lakini ua ni lile lile na mbegu ni ile ile.

Hapo yafaa msomaji aonywe asilibebeshe jina hilo mzigo usio wake. Jina la Kilatini halisemi kwamba muguka na miraa vina nguvu sawasawa. Muhogo mtamu na muhogo mchungu vyote viwili huitwa Manihot esculenta, na kila mama ajua kwamba huu waweza kuliwa mbichi, na ule usipotayarishwa vizuri huweza kuua. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyedai kwamba muguka ni mkali kuliko miraa hakupingwa na jina hilo. Hoja yake yataka kupimwa kwa vyombo vya maabara. Linachokataa jina hilo ni neno moja tu, yaani kusema kwamba huu ni mti mwingine.

Waingereza waliijua hila hiyo mapema. Sheria yao iliyoanza kutumika tarehe 24 Juni 2014, ile iliyofunga soko kubwa la wakulima wa Meru huko London, ilitaja majani, vijiti na machipukizi ya Catha edulis. Baada ya hapo hapana mfanya biashara aliyeweza kumwambia ofisa wa forodha kwamba mzigo wake si miraa bali ni muguka. Jina liliufunga mlango wote.

Je, jina hilo lilitoka wapi? Katika mwaka wa 1761 mfalme wa Denmark alituma watu sita kwenda Uarabuni kuchunguza nchi ile. Mmoja wao alikuwa kijana wa elimu ya mimea, Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Mswidi mashuhuri Carl Linnaeus. Forsskål alikusanya mimea mingi huko Yemen, akaiandikia sifa zake na majina yake ya Kiarabu, kisha akashikwa na homa akafa katika mji wa Yerim mwezi wa Julai 1763, umri wake miaka 31. Katika wasafiri wote sita ni mmoja tu aliyerudi kwao, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyezipiga chapa karatasi za marehemu katika mwaka wa 1775. Ndani yake mlikuwamo mti huu. Forsskål alilichukua neno qat akaliandika Catha, akaongeza edulis, neno la Kilatini lenye maana ya “unaolika”. Basi jina ambalo wengi hulidhani ni la Kizungu kitupu, nusu yake ni Kiarabu.

Kijana huyo aliacha na mtego mmoja kwa watu wa Meru. Iko jamii ya vichaka vya nchi kavu ambayo aliipa jina la Maerua, na baadhi ya vichaka hivyo huota katika nyika za Kenya. Mtu akilisoma haraka aweza kudhani ni sifa ya Meru. Sivyo; nalo alilitoa katika neno la Kiarabu, meru, ambalo ni jina la mti wa huko.

Mwalimu wake, Linnaeus, ndiye aliyeweka utaratibu unaofuatwa hata leo. Kabla yake wataalamu walikuwa wakiuita mmea kwa sentensi nzima ya Kilatini, kuutaja shina lake, majani yake na maua yake, na kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 Linnaeus aliupa kila mmea maneno mawili. La kwanza ni la ukoo, nalo huandikwa kwa herufi kubwa. La pili ni lake mwenyewe katika ukoo ule, nalo huandikwa kwa herufi ndogo. Ukoo hutangulia, kama katika orodha ya mishahara. Koo zinazofanana zikikusanywa pamoja huwa jamaa moja, na jina la jamaa humalizika kwa -aceae. Mpiga chapa mwangalifu huyalaza maneno hayo mawili ili yajulikane mara moja katika ukurasa.

Kuyatamka si kazi kwa msomaji wa Kiswahili. Vokali tano za Kilatini ni a, e, i, o, u, nazo husikika karibu sawa na zetu za Kiswahili. Wazee waliotumikia altareni wakati Misa ilipokuwa bado ikisomwa kwa Kilatini hulisoma jina kama Coffea arabica bila kujikwaa, na Mwingereza ndiye hupata taabu.

Lakini watu huuliza, na ni haki yao kuuliza, majina haya yatamfaa nini mwenye ekari mbili za chai na kahawa. Na aufikirie msomaji mti wa makadamia.

Mti huu uliletwa Kenya mwaka wa 1946 na mkulima Bob Harries, akaupanda karibu na Thika, na kutoka huko ukaenea Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru. Asili yake ni Australia ya mashariki. Ukoo wa Macadamia ulipewa jina hilo na Ferdinand von Mueller katika miaka ya 1850 kwa kumheshimu rafiki yake John Macadam, daktari na mtaalamu wa kemia katika mji wa Melbourne. Katika ukoo huo iko miti mitatu ambayo mkulima hana budi kuitenganisha, maana inafanana sana ikiwa bado michanga.

Wa kwanza ni Macadamia integrifolia. Maana ya neno hilo la pili ni “jani zima”, yaani jani ambalo ukingo wake haukukatwa meno. Huo ndio mti unaotafutwa na wenye viwanda: ganda lake ni laini, na kokwa yake ina mafuta mengi, hata kupita asilimia 72 katika zile zilizo bora, nayo ikikaangwa hupata rangi moja nzuri. Wa pili ni Macadamia tetraphylla, “majani manne”, kwa kuwa majani yake huzunguka kijiti manne manne. Ukingo wake una miiba, majani machanga ni mekundu, maua ni ya rangi ya waridi, na ganda lina vipele. Kokwa yake ni tamu sana mdomoni ikiwa mbichi, kwa sababu ina sukari zaidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo huungua na kuwa na mabaka katika tanuri, na mnunuzi hupunguza bei. Wa tatu ni Macadamia ternifolia, “majani matatu matatu”. Huo una kokwa ndogo, chungu, yenye sumu, isiyofaa kuliwa.

Sasa na aje mkulima wa Manyatta katika kitalu cha miche kando ya barabara.

“Mwanangu, miche hii ni ya nini?”

“Ni makadamia, mzee.”

“Makadamia gani?”

“Makadamia tu, mzee. Yote ni mamoja.”

Mzee hulipa, huchukua miche yake thelathini, hupanda, hutia mbolea, hungoja. Mwaka wa tano au wa saba mnunuzi huja, huvunja kokwa chache, hutikisa kichwa. Hasara hiyo haikutokana na mvua wala na wadudu. Ilitokana na neno “tu”. Laiti mzee angaliuliza ni integrifolia au ni tetraphylla, na laiti kijana angalijua kujibu, miaka saba isingalipotea. Tena asidanganyike na miiba ya mche: hata integrifolia huwa na miiba katika majani ya utoto wake. Yafaa auangalie mti mama, au anunue mche uliobebeshwa kutoka katika mti unaojulikana.

Miti hiyo inayojulikana nayo ina jina lake la tatu, ambalo si la Kilatini. Katika orodha ya aina zilizochaguliwa Kenya ziko KRG-15, MRG-20 na EMB-1. Herufi hizo huonyesha mahali mti mama ulipopatikana, na EMB ni Embu. Jina la namna hiyo hupewa mmea uliochaguliwa na binadamu, na huandikwa baada ya yale mawili. Mkulima wa kahawa alikwisha kulizoea jambo hili bila kuambiwa: ajua kwamba SL28 si Ruiru 11, wala Ruiru 11 si Batian, na zote tatu ni Coffea arabica.

Ole wake, hata hivyo, atakayesoma kitabu cha zamani cha makadamia. Kwa muda mrefu, mpaka miaka ya 1950, vitabu viliuita mti wa kuliwa kwa jina la ternifolia, ambalo ni la ule mchungu. Jina la integrifolia lilikuwako tangu mwaka 1897, lakini wengi hawakulitumia. Na tetraphylla haikupewa jina lake mpaka mwaka 1954. Ndipo mambo yalipotengenezwa. Hivyo mtu akiokota kitabu cha mwaka 1940 kinachosifu kokwa za ternifolia, na ajue ni makosa ya jina, wala asiende kuutafuna mti wenye sumu kwa kumtii mwandishi.

Majina ya Kiingereza nayo hayana heri. Katika maduka ya mbao ya Meru na Nairobi huuzwa mbao nzuri iitwayo Meru oak, na neno oak ni mwaloni, ule mti usomwao katika Biblia. Mti wenyewe wa Meru huitwa muuru na wenyeji, na jina lake la kitaalamu ni Vitex keniensis. Alilitoa mtaalamu Turrill wa bustani ya Kew mwaka 1915, na keniensis maana yake ni “wa Kenya”, na hapo jina lasema kweli tupu: mti huu ni wa Kenya, hasa wa misitu ya upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Ndugu zake katika ukoo wa Vitex ni mifudu ya pwani yenye matunda meusi ambayo watoto huyala hata midomo ikawa kama wino. Mwaloni wa Ulaya ni wa ukoo wa Quercus, na hauna udugu wo wote na muuru. Msumari utaingia vivyo hivyo, ni kweli; lakini atakayetaka kupanda muuru na akaagiza mbegu za “oak” kutoka ng'ambo ataletewa mti wa nchi ya baridi.

Wala si huo tu. Mgrivea uliopandwa mipakani mwa mashamba yote ya Embu na Meru, ambao wengi huuita mukima, Waingereza huuita nao mwaloni, mwaloni wa hariri! Jina lake ni Grevillea robusta, nao ulitoka Australia. Jina la ukoo ni la kumkumbuka Charles Greville, mmoja wa waanzilishi wa chama cha bustani cha London cha mwaka 1804, na robusta ni “wenye nguvu”. Mwaloni wa kwanza si mwaloni, wa pili si mwaloni. Kwa upande mwingine udugu wa kweli umejificha: Grevillea na Macadamia zote mbili ni za jamaa ya Proteaceae. Mzee wa Runyenjes ambaye mpaka wake ni migrivea na katikati ana makadamia amewaweka shambani binamu wawili wa Australia, pengine bila kujua kwamba wanajuana.

Kadhalika nduma. Hoteli za Nairobi huziandika kwa Kiingereza arrowroot, na mwuzaji wa nduma wa Chuka hulikubali jina hilo. Nduma ni Colocasia esculenta; arrowroot ya kweli ni Maranta arundinacea, mmea mwingine kabisa wenye unga wa kutengenezea uji wa wagonjwa.

Iko faida nyingine, na hiyo labda ni kubwa kuliko zote kwa mwenye bustani ya mboga. Jina la kwanza humwonyesha ndugu za mmea, na ndugu huugua ugonjwa mmoja. Kiazi cha Kizungu ni Solanum tuberosum. Nyanya ni Solanum lycopersicum. Biringanya ni Solanum melongena. Mnavu, ambao katika nchi ya mlima huitwa managu, nao ni Solanum, wa namna zaidi ya moja. Pilipili hoho ina jina jingine la ukoo, Capsicum, lakini ni ya jamaa hiyo hiyo ya Solanaceae, na tumbaku vilevile.

Mkulima wa Kibirichia ambaye viazi vyake vimenyauka majani yangali mabichi, na akikikata kiazi huona maji meupe mazito yakitoka katika duara la ndani, amepatwa na mnyauko wa bakteria. Akikata tamaa na viazi akapanda nyanya mahali pale pale, hakubadilisha zao. Amemtoa ndugu mkubwa akamleta ndugu mdogo katika nyumba yenye ugonjwa. Nyanya nazo zitanyauka. Ajabu ni kwamba ugonjwa wenyewe unamwambia, maana bakteria hiyo imeitwa Ralstonia solanacearum, na neno la pili maana yake ni “wa jamaa ya Solanum”. Afadhali apande mahindi, maharagwe, kabichi au vitunguu, misimu kadha wa kadha, na viazi vinavyojiotea vyenyewe aving'oe vyote, maana ndimo ugonjwa unamojificha.

Pakiti za mbegu za nyanya bado huandikwa mara nyingine Lycopersicon esculentum. Si kitu. Nyanya iliwahi kutengwa katika ukoo wa peke yake, kisha wataalamu wakairudisha kwa ndugu zake. Lycopersicon maana yake ni “pichi ya mbwa mwitu”, jina ambalo halimsifu sana mwenye kulima nyanya.

Maneno ya pili yasiyozidi kumi na mawili yatamtosha mwenye bustani ndogo. Alba ni nyeupe, nigra ni nyeusi, lutea ni ya manjano, rubra ni nyekundu. Sativa, au sativum, ni iliyopandwa na watu: ndivyo mpunga ulivyo Oryza sativa, na kitunguu saumu Allium sativum. Vulgaris ni ya kawaida, kama maharagwe, Phaseolus vulgaris. Esculenta na edulis ni ya kuliwa. Officinalis ni iliyowekwa katika ghala ya dawa. Megalocarpus ni yenye tunda kubwa, na aliyepata kuangukiwa na tunda la mukinduri, Croton megalocarpus, hatabisha. Majina ya nchi ni rahisi kuyatambua, ila hayaaminiki sana. Kahawa imeitwa arabica kwa kuwa Linnaeus aliipata kwa habari za Uarabuni, na wote sasa wajua kwamba asili yake ni Uhabeshi. Hata hivyo jina halibadilishwi kwa kosa la namna hiyo, kwa kuwa sheria ya wataalamu ni kwamba jina lililotangulia ndilo litakalosimama.

Hubadilishwa lini basi? Kwa kawaida hubadilishwa udugu unapochunguzwa upya. Mti ambao Wakikuyu huuita muiri na Wameru mweria, ule ambao gome lake huuzwa ng'ambo kuwa dawa ya wazee wanaopata taabu ya kukojoa, ulijulikana kwa jina la Pygeum africanum mpaka mwaka 1965, ndipo mtaalamu Kalkman alipouweka katika ukoo wa Prunus, pamoja na pichi na plamu. Sasa ni Prunus africana. Wenye kuuza dawa hawakulifuata jina jipya, na chupa zao zingali zikiandikwa pygeum. Tangu mwaka 1995 biashara ya gome hilo kati ya nchi na nchi yataka kibali, na mwenye kuijaza karatasi ya kibali hana budi kujua kwamba majina yale mawili ni ya mti mmoja.

Mabadiliko ya mwaka 2024 yalikuwa ya namna nyingine, nayo yanagusa ua wa nyumba nyingi za Embu na Meru. Kaiyaba, ule ua wa miiba mirefu ambao ng'ombe hawezi kuupenya wala mwizi, ulitoka Afrika ya Kusini, karibu na mto Kei, na neno kaiyaba ni lile la Kiingereza lenye maana ya “tufaha la Kei”, likasemwa kwa ulimi wa wenyeji. Jina lake la kitaalamu lilikuwa Dovyalis caffra. Neno hilo la pili ndilo lile lile “kafiri” la Kiarabu, ambalo makaburu walilitumia kuwatukana watu weusi, hata likawa ni neno ambalo katika Afrika ya Kusini mtu hushtakiwa kwa kulitamka.

Jina hilo lilikaa katika vitabu miaka mingi, katika miti zaidi ya mmoja. Wenye kulitetea walisema kwamba jina likianza kubadilishwa kwa sababu ya uchungu wa watu, hapatakuwa na mwisho, na utaratibu ule wa Linnaeus utavurugika. Hoja hiyo si ya kipuuzi, kwa maana faida yote ya jina la Kilatini ni kudumu kwake. Lakini wataalamu wawili wa Afrika ya Kusini, Gideon Smith na Estrela Figueiredo, walileta shauri jepesi: herufi moja iondolewe, caffra iwe affra, yaani “ya Afrika”. Mwezi wa Julai 2024, katika mkutano mkuu wa elimu ya mimea uliofanywa Madrid, shauri lilipigiwa kura. Waliokubali walikuwa 351 na waliokataa 205. Majina zaidi ya mia mbili ya mimea, kuvu na miani yakabadilika kwa kura hiyo.

Sasa basi kaiyaba ni Dovyalis affra. Vitabu na vibao vya vitaluni vitachukua miaka kulifuata jina jipya, na mwenye kununua miche atayakuta yote mawili. Asisahau tu kwamba katika mmea huu iko miti dume na miti jike mbalimbali. Anayetaka ua peke yake na achukue yo yote, bali anayetaka na matunda ya kupikia jemu na apande miche mingi, na miti dume michache aiache kati ya miti jike.